Namba Saba

Aulis huanza mwezi wa pili, ziwa likiwa bado sakafu.
Huleta jikoni gome la msonobari, kavu, jepesi kama mkate wa juzi,
hulichonga kwa kisu cha marehemu baba yake
mpaka gome lipate mgongo, kisha tumbo, kisha nia.

Midomo huikata kwenye kadi za benki zilizokwisha muda.
Namba saba ina mdomo wenye herufi tatu za jina langu.
Rangi yake ni ya kucha, ile ya zambarau
aliyoiacha binti yetu Saija alipohamia Oulu.
Kisha beseni la kuogea hujazwa, nami sina ruhusa ya kuoga
mpaka samaki wa gome waonyeshe kama wanajua kuyumba.
Anayekwenda wima kama askari hurudi kisuni.
Anayelala ubavu hufuata kuni.

Hayo ni ya macho. Vita yenyewe ni ya pua.

Gerejini kuna chupa kumi na moja:
mafuta ya dagaa waliooza tangu Pasaka,
kitunguu saumu, anisi, maji ya uduvi wa kopo,
na moja nyeusi ambayo hata paka huizunguka kwa adabu.
Vipimo ameviandika kwa penseli, kwa mafumbo
ambayo yeye mwenyewe huyasahau ifikapo Juni.
Jasho la mtu, asema, ni kengele chini ya maji.
Basi husugua mikono kwa mchanga, huvaa glavu za daktari,
na mimi nisiguse sanduku.

Nililigusa.

Ilikuwa Jumamosi ya shindano, nakanda unga wa mikate ya maziwa,
siagi na iliki mpaka viwikoni,
naye anapiga honi uani: Sanduku! Sanduku, mama!
Nikalinyakua, likafunguka, namba saba ikaruka,
nikaidaka kama mtu adakavyo yai.
Ndoana ikaninywa tone moja la damu.
Nikaifuta kwa aproni, nikairudisha kitandani mwake.
Sikusema.

Boti arobaini na tatu zilitawanyika Pielinen
kwa mwendo wa mtu anayemsindikiza mgeni asiyetaka aondoke.
Mishipi minane nyuma yetu, injini inakoroma,
kahawa inapoa, hatuzungumzi.
Usiku wa huko, Julai, hauji; jua huinama tu
kama aliyeangusha sarafu, kisha huinuka.
Ufito wa namba saba ukapiga magoti.

Alikuwa kuha, kilo nne na ushei,
macho ya kioo yanayotazama nyuma yako.
Wavu ulikuwa mkononi mwangu.
Katika kinywa chake nilisoma herufi zangu tatu.
Nikainama nikanusa: iliki,
au nilitaka sana iwe iliki.

Tulikuwa wa tano. Zawadi: ndoo yenye mfuniko, na soksi.
Kauko Immonen, bingwa wa miaka mitatu,
alituzunguka akinusanusa kama mbwa wa forodha.
Mwaka huu umetia nini?
Aulis akajikuna shingo. Anisi, kidogo tu.
Na uso wake ulivyong'aa, nani angemnyang'anya?

Mwaka uliofuata niliipaka kwa makusudi,
siagi, iliki, hata nikajichoma kidole.
Saa nane majini. Haikuguswa hata na jani.

Siri ya mtungi aijuaye kata, wanasema.
Mimi ndiye kata, nami nilichota tu,
sikuuliza maji yametoka wapi.

Leo Jumamosi tena. Unga umeumuka, umeisukuma kitambaa juu.
Honi imelia mara moja.
Sanduku liko mezani, na mikono yangu
sijaamua kama niinawe.